Daftari la Mbegu

Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Wazee wa pwani yetu walisema hawajaona maji yakikaa juu kiasi hicho tangu miaka ya 1960. Julai, nilipoondoka Kigoma kuelekea kaskazini, yalikuwa yameanza kurudi taratibu, yakiacha tope jeusi, mashina ya migomba yaliyooza na vipande vya nyavu. Tope lile halikukaa bure. Kila lilipojitokeza palikuwa na mtu anachora tuta kwa kisigino, akikadiria aanzie wapi.

Watu wa namna hiyo ndio niliokuwa nikiwafuata, hasa wale wanaolima kwa pamoja. Vikundi vya bustani vimejaa Afrika Mashariki nzima, lakini ukikaa kwenye vikao vyao unasikia mazungumzo yasiyofanana hata kidogo. Nilitaka kujua wenzetu wa kichwani mwa ziwa, Uvira na kandokando yake, wakikutana hushughulika na nini.

Nieleze kwanza ninalinganisha na nini. Nairobi kuna chama kikongwe cha watunza bustani, Kenya Horticultural Society. Wanachama wake walishiriki kuandika Gardening in East Africa, kitabu kilichotoka 1934 chini ya uhariri wa A. J. Jex-Blake. Enzi hizo kilikuwa chama cha walowezi, wenye ardhi pana na vibarua wa kumwagilia. Vyama vya aina hiyo huishi kwa maonyesho: meza zimepangwa, waridi limekatwa asubuhi na mapema, majaji wanapita na kalamu. Siyadharau. Mtu akijua mmea wake utawekwa mbele ya macho ya wenzake, huutunza kwa umakini ambao fedha peke yake haileti. Katika jiji hilo hilo, Kibera, bustani zilizovuma ni za magunia. Shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuzieneza 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi. Gunia linajazwa udongo, katikati inapita nguzo ya mawe ya kusambaza maji, na miche ya sukuma wiki inachomekwa juu na ubavuni pote. Hapo mazungumzo ni ya mgao: nani amepata miche, maji ya mtungi leo ni bei gani, gunia liwekwe wapi lisiibwe.

Dar es Salaam, katika bonde la Msimbazi, mkulima wa mchicha mara nyingi yuko peke yake na matuta yake, na mwenzake wa karibu ni mama anayekuja alfajiri kununua tuta zima likiwa bado shambani. Kukutana kwao ni kwenye bei.

Kigoma na Ujiji

Kwetu Kigoma, Julai ni mwezi wa kujiandaa kwa Nane Nane. Vikundi vilikuwa vikichagua kipi kiende Tabora, ambako maonyesho ya kanda ya magharibi hufanyika kila Agosti: boga kubwa kuliko yote, mkungu wa ndizi, chupa za mawese zilizofungwa vizuri. Kikao nilichohudhuria pembezoni mwa Ujiji, hata hivyo, kilikula muda mwingi kwenye karatasi. Katiba ya kikundi, muhuri, akaunti ya benki, barua ya mtendaji. Wote walikuwa wakiusubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, na sasa ilisemekana unarudi. Bustani yenyewe ilizungumzwa dakika za mwisho, watu wakiwa wamesimama. Mbegu? Mwenyekiti aliniambia inanunuliwa duka la pembejeo, na uso wake ulionyesha kwamba swali langu halina uzito.

Nilipita kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kuitazama miembe. Inasemwa ni vizazi vya ule mwembe ambao chini yake walikutana mwaka 1871. Mti wa asili ulikufa, lakini vikonyo vyake vilikuwa vimeshabebeshwa kwenye miche mingine. Baada ya kukutana, wawili hao walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini na kuthibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Uvira ilikwishajulikana kabla yao: Burton na Speke walifika huko Aprili 1858 na kukuta wafanyabiashara wa pwani wameshatangulia.

Rumonge, kisha Bujumbura

Barabara ya Manyovu inavuka Mugina, inashuka hadi Nyanza-Lac, halafu inafuata ziwa. Ni nchi ya michikichi pande zote mbili za mpaka, na mtu wa Kigoma haoni kitu kigeni mpaka asome bango. Sisi tulifufua zao hili kwa kelele nyingi kuanzia 2018, miche bora ikitoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Rumonge wamekuwa wakikamua mawese bila kelele muda wote huo. Mbele kidogo ziwa lilikuwa limemeza nyumba na kulamba ukingo wa barabara.

Bujumbura haikuwa na petroli. Foleni za magari zilikuwa zimelala barabarani, na mboga zilikuwa zikisafiri kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu. Katika soko la Ngagara, wanaloliita Cotebu, nilikuta lengalenga, yaani mchicha, ya pande zote mbili za mpaka imelala kwenye mkeka mmoja. Muuzaji aliweza kunionyesha ipi ni ya wapi kwa kutazama mizizi: ya bondeni Ruzizi ilikuwa na udongo mweupe mweupe wa chumvi, ya Uvira mchanga mweusi.

Warundi wana bustani za jikoni zinazohimizwa na serikali kwa kaya moja moja, na Jumamosi asubuhi wana kazi za pamoja za kusafisha mitaro na kupanda miti. Kila kitu kina siku yake na kiongozi wake. Kuna faida katika hilo: mtaro uliozibuliwa kila wiki ni mtaro unaopitisha maji. Lakini mama mmoja niliyemuuliza mbegu yake hutoka wapi alijibu kwamba huletwa, na mwaka ambao haikuletwa hakupanda.

Gatumba

Kati ya Bujumbura na mpaka kuna Gatumba, mji uliozoea kuoga mara mbili, kwa Ruzizi na kwa ziwa. Nyumba nyingi zilikuwa na alama ya maji ukutani kufika kiunoni. Hapa pia ndipo viboko wa delta hupanda usiku kula. Wakulima wa upande huu na wa Kavimvira, ng'ambo ya mpaka, wote wana habari zao: unalala na matuta sita ya kabichi, unaamka na nyayo pana kama masinia. Wanalinda kwa moto, kwa madebe ya kugonga, na kwa kupanda karibu na maji vitu ambavyo kiboko havipendi sana, pilipili kwa mfano, kisha mboga laini zinawekwa nyuma.

Mpaka huu niliuvuka kwa kugonga muhuri tu, nikiwa katikati ya wanawake wenye mabeseni. Mwaka uliofuata watu walikuja kuuvuka kwa maelfu wakiwa na magodoro. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 na vita vikashuka bondeni, wengi waliingia Burundi hapa na wengine kwa kuogelea Ruzizi. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe. Ninayoyaandika kutoka hapa mbele ni ya Julai 2024, na nayaandika kwa wakati uliopo kwa sababu vikundi ninavyovisema ni watu, nao hawajaacha kuwa watu wa bustani.

Kavimvira

Uvira ni mji mwembamba. Milima ya Mitumba inasimama wima nyuma yake, ziwa liko mbele, na ardhi tambarare katikati ni ukanda ambao mahali pengine unaumaliza kwa kutembea kidogo tu. Sehemu ya ukanda huo ilikuwa ziwa zamani. Katika karne ya 19 maji yalikuwa juu zaidi kwa mita kadhaa, mpaka mto Lukuga, huko Kalemie, ulipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870 na ziwa likashuka. Mito mifupi, Kavimvira, Kalimabenge, Mulongwe, inaporomoka kutoka milimani na kuukata mji vipande vipande. Kwa hiyo mkulima wa bustani hapa ana majirani wawili wenye nguvu kumshinda, mmoja anakuja kwa mbele na mwingine kwa nyuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 alikuja wa nyuma. Mvua ilinyesha milimani kwa saa nyingi, Mulongwe na mingine ikafurika, ikabeba mawe, nyumba na madaraja. Makumi ya watu walikufa na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Ulikuwa mwaka wa Korona pia.

Kikundi nilichokaa nacho kwa muda mrefu kuliko vingine kinalima kati ya barabara na ziwa. Ni wanawake wengi na wanaume wachache. Hawana bango. Ardhi si yao: wanaikodi kwa msimu kutoka kwa wenye viwanja, na kodi inalipwa kabla jembe halijagusa chini. Nilikaribishwa chini ya mwembe na mama mtunza daftari, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye wenzake wote, hata wanaomzidi umri, wanamwita yaya, dada mkubwa.

“Keti, papa,” aliniambia. “Kwanza tumalize madeni.”

Nilidhani ni madeni ya fedha. Alifungua daftari la shule lililofunikwa kwa nailoni, akaanza kusoma majina, na baada ya kila jina alitaja mmea na kipimo: lengalenga, gilasi moja, bamia, gilasi moja, maharage, gigozi mbili. Gigozi ni kopo la maziwa ya mtoto ambalo sokoni huku limekuwa kipimo cha kila kitu. Aliyetajwa alisimama na kumwaga mbele yake mara mbili ya kile alichochukua. Ukikopa gilasi moja, unarudisha mbili baada ya mavuno. Mmoja alileta moja tu na kueleza kwamba kiboko alimkuta kabla yeye hajakuta mbegu. Walijadiliana, wakaenda watu wawili kuangalia shamba, wakarudi, deni likasogezwa hadi msimu ujao bila kuongezwa. Jambo hili lilichukua nusu ya asubuhi. Hakuna aliyelalamika kwamba ni muda mrefu.

Nikamuuliza kwa nini hawanunui dukani kama sisi. Akacheka kidogo, akanieleza habari za 2020 kwa maneno machache: “Mayi ilibeba yote, papa. Hata majembe. Tulibaki na ile mbegu tulikopesha batu ba Sange.” Mbegu zilizokuwa ndani ya nyumba za Kavimvira na Mulongwe zilikwenda na nyumba. Zilizookoka ni zile zilizokuwa deni, zimekopeshwa kwa mashemeji na marafiki bondeni Ruzizi. Msimu uliofuata walidai, wakalipwa, wakaanza tena. Tangu hapo kanuni yao ni kwamba mbegu hailali yote mtaa mmoja. Fungu moja linakaa Kavimvira, jingine kwa mwanachama anayeishi juu mlimani, jingine Sange. Lililo mbali linahesabiwa kuwa salama zaidi kuliko lililo chini ya kitanda.

Nimekaa na jambo hili kichwani muda mrefu, na naamini ndilo linalokitofautisha kikundi hiki na vingine nilivyoona, kwa sababu ya hesabu iliyo nyuma yake. Lengalenga ya kuuza inang'olewa wiki tatu au nne baada ya kumwagwa. Ukitaka mbegu, unaiacha ile ile isimame, itoe mashuke, ikomae, ikauke. Unahitaji miezi, si wiki. Muda huo wote tuta halikuletei hata faranga moja, na kodi ya ardhi uliilipa. Mtu mmoja mwenye matuta machache ya kukodi hawezi kuliacha hata moja lilale hivyo, anakula nini? Ndiyo maana wa Msimbazi wananunua, wa Ujiji wananunua, na wa Bujumbura wanasubiri. Kavimvira wamekodi kipande kimoja kwa fedha ya wote, mbali kidogo na bustani nyingine, na hicho ni cha mbegu peke yake. Kila mmoja ana zamu ya kukimwagilia. Shida ambayo ingemwangusha mmoja imegawanywa mpaka ikawa nyepesi.

Namna wanavyofanya ni ya ustadi. Kabla ya kitu chochote wanang'oa mchicha pori wote ulio jirani, kwa sababu chavua ya lengalenga husafirishwa na upepo na mwitu ukiingia, mwaka wa pili una majani madogo na miiba. Miche inayowahi kutoa maua wanaiondoa, hata ikiwa mizuri, kwa sababu wanataka ile inayokaa kwenye majani muda mrefu. Mashuke yakianza kukauka wanayakata asubuhi kabla jua halijawa kali, wanayaanika juu ya kitenge, wanayapiga, wanapepeta. Gramu moja ya mbegu hiyo ina punje zaidi ya elfu moja, kwa hiyo gilasi ni mali kubwa. Inachanganywa na majivu yaliyochekechwa na kuwekwa kwenye chupa iliyofungwa. Wakati wa kumwaga wanaichanganya tena na mchanga ili isilundikane mahali pamoja.

Si kila mbegu inakubali. Kabichi haitoi maua katika joto la hapa chini, inataka baridi ambayo ziwa halina. Vitunguu navyo ni vigumu. Hivyo lazima wanunue pakiti, na aina zinazovumilia joto nyingi ni chotara, ambazo ukipanda mbegu ya mtoto hupati mama. Kwa ajili ya hizo wana sanduku la akiba, lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Utaratibu huo umeenea Kivu yote chini ya majina ya AVEC na MUSO, nasi tunaujua kwa jina la VICOBA. Faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola zinakaa humo kila moja kwenye mfuko wake. Wengine wameacha kabisa kabichi, kwa kuwa ya Hauts Plateaux inashuka kutoka juu ikiwa nzito na bei nafuu. Nadhani wamefanya vyema. Bustani ya pwani isishindane na baridi ya mlima.

Nyanya ndizo zilizoleta ubishi mkali kikaoni. Ukungu unakausha majani kwa siku chache, na yule mdudu tunayemwita kantangaze anatoboa majani na matunda. Wengi wananyunyiza mankozebu, na niliona, upande wa kwetu pia, dawa ikipigwa Alhamisi na nyanya zikienda sokoni Jumamosi. Mzee mmoja alisema wazi kwamba anayefanya hivyo anawalisha sumu watoto wa watu. Kijana mmoja akamjibu kwamba nyanya isiyopigwa dawa haifiki hata Jumamosi. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema, na nilipenda kwamba yaya hakuwanyamazisha. Mwisho walikubaliana kujaribu matuta manne: mawili ya dawa na kusubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti, mawili ya maji ya mwarobaini, kupunguza majani ya chini na kufunga mche kwenye mti ili upepo upite. Matokeo yataandikwa katika daftari lile lile. Nimeona mikutano ya wataalamu iliyoisha na kidogo kuliko hicho.

Kuna jambo la maji ambalo mgeni hapaswi kulipita. Uvira imeteswa na kipindupindu miaka mingi, kiasi kwamba watafiti wa ugonjwa huo wameufanya mji huu mahali pa kujifunzia. Mboga ya majani inayooshwa mferejini inabeba kila kilicho mferejini. Kikundi kimeweka sharti kwamba mafungu ya kuuza yanaoshwa kwa maji ya bomba la REGIDESO, shirika la maji, na bomba likikauka, yanauzwa bila kuoshwa na mnunuzi anaambiwa. Mwanzoni walipoteza wateja, maana mboga yenye udongo haipendezi machoni. Baadaye, walisema, wateja walianza kuutafuta udongo wenyewe. Hili ningependa kulisikia likisemwa katika kila kikundi cha bustani kuanzia hapa hadi Bagamoyo.

Kiliba

Siku moja tulikwenda bondeni kutafuta mbolea. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama katika vita vya 1996, na kwa miaka mingi watu walipalilia mihogo mahali palipokuwa na miwa. Bonde la Ruzizi ni pana, lina joto, lina mpunga upande wa Luberizi, lina ng'ombe wengi. Wafugaji na wakulima wameumizana sana hapa, na sitajifanya kulieleza jambo hilo kwa kupita njia. Nilichokiona ni kidogo tu: shamba lililovunwa mahindi, mfugaji ameruhusiwa kulaza ng'ombe wake siku kadhaa, samadi imebaki, nao wa Kavimvira wanaijaza magunia na kulipa pande zote mbili, mwenye shamba na mwenye ng'ombe. Mazungumzo yalikuwa ya Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili kwa zamu.

Kalundu na mlima

Kusini ya mji, kupita bandari ya Kalundu ambako maji yalikuwa bado yamekaa, mlima unakaribia ziwa mpaka bustani zinapanda ngazi. Hapa kikundi jirani, ambacho wengi wake ni vijana, kinalima kwenye kingo walizozijenga kwa mawe ya mafuriko. Mihogo, matembele, papai, na katikati yake miche ya grevilea na kaliandra. Juu yao mlima una madoa makubwa matupu. Miti ilikwenda kwenye makala, yaani mkaa, na kila mvua inashusha kile ambacho mizizi haikukishika. Vijana wanaelewa vizuri kwamba mafuriko yaliyofagia bustani za Mulongwe yalianzia kwenye gunia la makala.

Kongo ina siku yake ya taifa ya mti, 5 Desemba. Miche inagawiwa, viongozi wanapanda, picha zinapigwa. Niliwauliza vijana miche ya mwaka uliopita iko wapi. Wakanipeleka. Michache ilikuwa imesimama, mingine mbuzi walikuwa wameipitia, na sehemu kubwa haikuwa na hata alama ya shimo. Nikawasimulia habari za Wangari Maathai, aliyeanza na miti saba tarehe 5 Juni 1977 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na jinsi vikundi vya wanawake wa Green Belt vilivyolipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliopandwa. Hilo liliwagusa kuliko habari ya Tuzo ya Nobel ya 2004. Mmoja akasema papo hapo: basi sisi tuwe na siku mbili, ya kupanda na ya kuhesabu.

Wa Kavimvira na wa Kalundu walikutana mwisho wa wiki hiyo, na hapo nilitoa hoja yangu, kwa kuwa waliniomba. Niliwaambia kwamba katika yote niliyoona, wao ndio wenye kitu ambacho wengine wamekiacha, lakini hawakionyeshi. Wana maarifa ya mbegu yaliyojaribiwa kwa mafuriko, na jirani yao wa mtaa wa pili hayajui. Walichokosa ni kile ambacho Nairobi wanacho tangu zamani na Tanzania tunacho kila Agosti: siku ya kuweka vitu mezani watu waone. Walibishana kama ni majivuno. Mama mmoja alihofu wezi watajua mbegu iko wapi, na hofu yake ilikuwa ya kweli, kwa hiyo iliamuliwa kwamba itaonyeshwa mbegu, na maghala hayatatajwa.

Kalenda waliyotoka nayo ni hii. Mwisho wa Agosti vitalu vya nyanya na bilinganya vinamwagwa, ili miche iwe tayari mvua za msimu A zikianza Septemba. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni kikao cha kukopa; mtu wa mtaa wowote anaweza kuja na chupa yake, akidhaminiwa na mwanachama mmoja. Tarehe 15 Oktoba, siku ya kimataifa ya wanawake wa vijijini, meza itawekwa karibu na soko la Mulongwe: aina zote za lengalenga zao, zile za majani mekundu na zile za kijani, bamia, maharage, na mche wa nyanya uliofungwa mtini kando ya usiofungwa, pamoja na matokeo ya yale matuta manne. Wanaojua kusoma watawasomea wengine kutoka kwenye daftari. Tarehe 5 Desemba watapokea miche ya serikali na kuongeza ya kwao, lakini hakuna atakayepewa zaidi ya anayoweza kuizungushia miiba siku hiyo hiyo. Februari ni msimu B wa kupanda, Juni kipande cha mbegu kinakodiwa upya, na kodi yake inachangwa kabla ya Pasaka kwa sababu baada ya hapo ada za shule zinamaliza kila kitu.

Siku ya kuhesabu waliiweka Jumamosi ya kwanza ya Machi. Wa Kavimvira watapanda mlimani kuhesabu miche ya Kalundu, na wa Kalundu watashuka kuhesabu ya Kavimvira, ili mtu asijihesabie wake.